Chungu bila jina: nani anakula jasho la mfinyanzi?

Ndugu wasikilizaji na wasomaji wa Ituri na Haut-Uele, na ninyi jamaa mnaoishi katika makambi ya wakimbizi wa ndani hapa Bunia na pembeni yake, leo sizungumzii barabara, wala kodi ya soko, wala kijiji gani kimeshambuliwa. Nazungumzia udongo. Najua kuna watakaocheka. Wacheke kwanza, kisha wasome mpaka mwisho.

Kuna maneno mawili ambayo hayakosi kusikika kila mara habari ya wafinyanzi inapofikishwa mbele ya wakubwa. La kwanza linasema ufinyanzi ni kazi ya watu wa zamani, sasa kuna plastiki na sufuria. La pili ndilo linaloniudhi zaidi: eti sanaa ni ya watu walioshiba, mkimbizi anahitaji unga na turubai. Anayesema hivyo huonekana mtu wa huruma. Mimi nasema anamnyang'anya mkimbizi kitu ambacho hata wenye bunduki hawakuweza kumnyang'anya, maana mbuzi wanaibiwa, nyumba inachomwa, shamba linabaki nyuma, lakini ujuzi wa vidole unakimbia pamoja na mwenyewe.

Nieleze vizuri ninachosema, ili tusipishane. Sisemi tu nyungu ya kupikia sombe, ijapokuwa nyungu hiyo nayo ina heshima yake. Nasema chungu kinachofinyangwa kikafanana na kitu chenye uhai: kibuyu, mbegu, tumbo la mama mjamzito, shingo ya ndege, kichwa cha mtu. Huko Ulaya na Marekani kuna watu ambao hii ndiyo kazi yao ya kila siku. Wana chumba cha kazi, wanafinyanga vipande vichache kwa mwaka, kila kipande kinawekwa peke yake katika jumba la maonyesho, na watu wanalipa ili wakiangalie. Hawapikii wala hawachotei maji. Ni sanamu yenye tundu.

Lugha yetu ilijua jambo hili zamani. Sikiliza tunavyotaja sehemu za chungu: mdomo, shingo, mabega, tumbo, kitako. Hata vishikio vyake tunaviita masikio. Mfinyanzi wa Kiswahili hana haja ya kufundishwa na profesa kwamba chungu ni mwili.

Sasa twende jirani tu, Haut-Uele, kwa ndugu zetu Wamangbetu wa upande wa Isiro, Rungu na Niangara. Wazee wao walikuwa na desturi ya kufunga kichwa cha mtoto mchanga kwa kamba ili kikue kirefu kuelekea nyuma, na wanawake walisuka nywele zao juu ya umbo hilo mpaka zikafunguka kisogoni kama mdomo wa tarumbeta. Wafinyanzi wa nchi hiyo wakachukua kichwa hicho wakakiweka juu ya chungu. Tumbo la chungu chini, shingo katikati, uso wenye macho na pua, kisha nywele zinapanda na kufunguka, na tundu la nywele ndilo mdomo wa chombo. Ukikiona unafikiri kitazungumza.

Mwaka 1909 walifika watu wawili kutoka jumba la makumbusho ya viumbe la New York, Herbert Lang na James Chapin. Walitumwa kutafuta wanyama, hasa okapi wa misitu yetu. Walikaa karibu miaka 6, mpaka 1915, wakizunguka Avakubi, Medje, Niangara, Faradje. Waliondoka na ndege, ngozi, mifupa, picha kwa maelfu, na pia vinyago, visu, vinubi na vyungu vya watu wa Uele. Vitu hivyo viko New York hadi leo. Jina la Lang linajulikana, la Chapin linajulikana, na okapi ana jina la Kilatini. Lakini mama aliyekaa chini siku nzima akiviringisha udongo mpaka ukapata uso wa mtu anaitwa nani? Kwenye vyungu vingi imeandikwa Mangbetu tu, kana kwamba kabila zima liliketi pamoja likafinyanga chungu kimoja.

Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia. Na kabla hamjaniambia kwamba zamani ndivyo ilivyokuwa, kwamba kazi ilikuwa ya jamii nzima na hakuna aliyetaka kujulikana, nawapa jina moja: Voania Muba. Alikuwa mfinyanzi wa Kiwoyo, upande wa Bas-Congo karibu na bahari, akafariki mwaka 1928. Alifinyanga mitungi yenye watu juu yake, wameketi, wakati mwingine mume na mke, na kwenye udongo akaandika jina lake kwa herufi kubwa. Aliwauzia Wazungu, na Wazungu walijua wanamnunulia nani. Karibu miaka 100 imepita tangu afariki, na leo mtu wa makumbusho akikutana na mtungi wake anasema: huu ni wa Voania. Mkongomani huyo hakungoja mradi wala semina. Alichora jina lake kabla udongo haujakauka.

Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba kuandika jina ni desturi ya kizungu.

Kuna jambo lingine ambalo wapenda utamaduni wetu hawapendi kulisikia. Vile vyungu vyenye vichwa vya Wamangbetu havikuwa vyote vitu vya mababu tangu enzi na enzi. Watafiti Enid Schildkrout na Curtis Keim, katika kazi waliyoitoa mwaka 1990, walionyesha kwamba sanaa hiyo ya vichwa ilizidi sana wakati wakoloni na wageni walipoanza kuipenda na kuitafuta. Wengine wakisikia hivyo wanasikitika, wanasema kumbe si asili. Mimi nafurahi. Maana yake wafinyanzi wetu hawakuwa watu waliolala usingizi wa mila. Waliona mnunuzi mpya anapenda nini, wakachukua umbo walilokuwa nalo, wakalikuza, wakabuni. Hiyo ndiyo kazi ya msanii. Ila bei waliipanga wengine, na jina likapotea njiani.

Sasa niwaambie habari ya mwanamke mmoja ili mwone udongo huohuo unavyoweza kwenda ukiwa na jina. Anaitwa Magdalene Odundo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971 kusomea michoro ya matangazo. Huko akahamia udongo. Lakini hakujifunza Uingereza peke yake. Alisafiri mpaka Abuja, Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi alichokianzisha Mwingereza Michael Cardew, akakaa na wanawake wa Kigwari waliofinyanga kwa mikono kama mama zao walivyofanya. Mmoja wao alikuwa Ladi Kwali. Nitarudi kwa Ladi Kwali.

Odundo hatumii gurudumu la kuzungusha udongo. Anachukua bonge, analipiga ngumi katikati, anazivuta kuta kwenda juu, halafu anaongeza mikanda ya udongo mmoja juu ya mwingine huku akikwangua ndani na nje kwa kipande cha kibuyu mpaka ukuta unakuwa mwembamba. Anaacha udongo ukauke kiasi. Anapaka uji laini wa udongo, anasugua, anapaka tena, anasugua tena, mpaka unang'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Hatumii rangi ya duka, wala ule mng'aro wa kioo unaouona kwenye sahani. Akikichoma mahali penye hewa ya kutosha, chungu kinatoka chekundu cha machungwa. Akikichoma tena ndani ya chombo kilichofunikwa, pamoja na vipande vya mbao, moto unakosa hewa, moshi unaingia kwenye udongo, na chungu kinatoka cheusi. Wakati mwingine kinatoka na rangi zote mbili, kama jua linalozama.

Na maumbo yake? Tumbo la mviringo linalosimama juu ya kitako kidogo mno, shingo inayoinama kama mtu anayesikiliza, mgongo wenye vinundu kama uti, mdomo unaofunguka na kulala upande. Wanaozijua kazi zake wanasema wazi kwamba katika shingo hizo na midomo hiyo iliyolala nyuma mna kichwa cha mwanamke wa Kimangbetu. Ndiyo, wa kwetu. Mwaka 2020 alipewa cheo cha heshima na Malkia wa Uingereza. Kazi zake ziko katika jumba la makumbusho la Uingereza, na mnadani kipande kimoja kimewahi kupita pauni 200 000.

Mama wa Irumu au wa Djugu akisikia ninavyoeleza kazi hiyo atasema: lakini hivyo ndivyo tunavyofanya! Kuviringisha mikanda, kukwangua kwa kibuyu, kusugua kwa jiwe la mtoni, kuzimisha moto kwa majani mabichi ili chungu kiwe cheusi. Ni kweli, mama, kazi ni ileile. Sisemi kila anayefinyanga nyungu ni Odundo. Yeye amesoma miaka mingi, amefikiri kila umbo, amevunja vipande vingi kabla ya kupata kimoja. Wala simlaumu hata kidogo, maana hajaficha alikojifunza: anawataja wanawake wa Abuja, anataja Afrika. Ninachosema ni kwamba umbali kati ya mkono wake na mkono wako si mrefu kama umbali kati ya bei yake na bei yako. Katikati hapo kuna watu wamekaa.

Nimeahidi kurudi kwa Ladi Kwali. Alizaliwa katika kijiji cha Kwali, akajifunza ufinyanzi kwa shangazi yake, akaingia kituo cha Abuja mwaka 1954. Mitungi yake ya maji aliichora mijusi, nge, samaki na nyoka. Alikwenda Ulaya na Marekani kuonyesha anavyofinyanga. Alipofariki mwaka 1984 nchi yake haikumsahau: chukueni noti ya naira 20 ya Nigeria, mgeuze upande wa nyuma, mtamwona Ladi Kwali akiwa na chungu chake. Mfinyanzi yuko kwenye pesa za nchi. Sasa toeni mfukoni noti yetu ya faranga 500. Mnaona nani? Wachimba almasi. Sina ubaya na wachimbaji, ni ndugu zetu na wanateseka. Lakini noti hizo mbili zinaniambia kitu. Kule wamemheshimu anayechukua udongo akautengeneza. Kwetu tumemheshimu anayeutoa ardhini ili mwingine akautengeneze mbali.

Juni 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alikuja Kinshasa akiwa na kinyago kikubwa cha Wasuku, kile kinachoitwa Kakuungu. Aliikabidhi nchi yetu kwa njia ya mkopo usio na mwisho. Watu walipiga makofi, na mimi pia nilifurahi. Kinshasa kuna jumba jipya la makumbusho la taifa, limefunguliwa mwaka 2019 kwa msaada wa Korea ya Kusini, na vitu vyetu lazima virudi. Lakini wanasiasa hawahawa wanaodai vitu vya marehemu virudi kutoka Tervuren na New York, waulizeni wamenunua chungu gani kwa mfinyanzi aliye hai. Ingieni ofisini mwao. Mezani kuna maua ya plastiki. Mlangoni kuna simba wa saruji. Ukutani kuna saa yenye picha ya maporomoko ya maji ambayo hayako Afrika.

Haya, sasa niwataje wanaokaa katikati, bila majina, maana kila mmoja atajitambua.

Wa kwanza ni wachuuzi wa mapambo. Mchuuzi anafika kijijini au kambini, ananunua chungu chenye umbo la kibuyu au la mwili kwa bei ya sahani ya maharagwe, anakipeleka mjini, anamwambia mgeni kwamba ni cha kale, ni cha mababu, kilikuwa cha mfalme. Kwa nini anadanganya? Kwa sababu cha kale hakina mwenyewe wa kudai. Akisema kimefinyangwa mwezi uliopita na mama fulani anayeishi kambini, mgeni anaweza kutaka kumwona huyo mama. Uongo wa ukale umejengwa juu ya kuficha jina. Wengine hata wanafukiza chungu kipya na kukipaka matope ili kizeeke kwa usiku mmoja. Mchuuzi ana haki ya faida yake, analipa usafiri, analipa vizuizi barabarani, vyungu vinavunjika. Hilo nalikubali. Faida ya kumfuta mtu, hapana.

Wa pili ni mashirika. Hapa najua nitapoteza marafiki. Ndugu zangu wa mashirika, mmesaidia watu wengi wasife, na haya siyafuti. Lakini mafunzo yenu ya kazi za mikono, ni mangapi tumeyaona? Wiki 3 za cherehani, sabuni na kusuka nywele, picha, cheti, kwaheri. Cherehani moja wanapewa mama 6. Sabuni inashindana na sabuni ya kiwanda inayotoka Uganda. Mama anayejua kufinyanga tangu utoto anaandikwa kwenye karatasi kwamba hana ujuzi, kwa sababu kwenye fomu hakuna mahali pa udongo. Na mkijaribu kuuingiza, mnaleta mtu wa kufundisha wote watengeneze kifaru mmoja mdogo au jiko moja la kubana mkaa. Jiko ni jema, lakini mtu anayeweza kufinyanga kichwa kikatazama, mnampa kazi ya kutoa matofali.

Na msiniambie kwamba hamjui thamani ya kuandika jina. Nembo yenu iko kwenye turubai. Iko kwenye ndoo, kwenye jerikani, kwenye fulana, kwenye mlango wa choo. Hakuna mtu katika jimbo hili anayejua kuandika jina kwenye kitu kuliko ninyi. Basi mfundisheni mama naye aweke lake.

Wa tatu ni sisi wenyewe. Kule Kivu, Rwanda na Burundi, ufinyanzi ulikuwa kazi ya Batwa, na watu walinunua chungu kwa Mutwa bila kukubali kula naye. Rwanda mabonde yalipogeuzwa mashamba ya mpunga, wafinyanzi wakakosa udongo wao, na wachache sana walipaza sauti, kwa sababu nani anapaza sauti kwa ajili ya udongo wa Mutwa? Hapa kwetu dharau ni ya namna nyingine lakini inanuka vilevile. Msichana akisema mama yake ni mfinyanzi, wenzake wanacheka kwamba mikono ya mama yake ina matope. Fundi wa simu akiwa na mikono yenye mafuta tunamwita injinia.

Tunadharau hata bila kujua tunadharau nini. Katika Kivu na nchi za maziwa makuu wachimbuaji wamepata vyungu vya watu wa kwanza waliofua chuma katika nchi hizi, wengine wa zaidi ya miaka 2 000 iliyopita, na vingi vina kibonyeo kidogo chini ya kitako, kana kwamba mfinyanzi aliaga kazi yake kwa kuibonyeza kwa kidole. Katanga, kando ya ziwa Kisale, mahali panapoitwa Sanga, makaburi ya zaidi ya miaka 1 000 yamefunguliwa, na pembeni ya wafu kumepangwa vyungu vizuri ajabu. Watu hao hawakuona chungu ni kitu cha aibu. Walikwenda nacho kaburini.

Nirudi kwenye neno lile la unga na turubai, maana najua ndilo mnalolishikilia. Mkimbizi ana njaa, ni kweli. Ninayaandika haya nikijua mgao umepungua na kuna kambi ambapo haufiki kabisa. Hata walio nao wanajua hauna usalama: kambi za kandokando ya Goma zilivunjwa Februari 2025 kwa siku chache, na watu wakaambiwa warudi kwao, hata waliokuwa hawana kwao pa kurudia. Turubai lilikunjwa, na mgao ukakatika. Aliyekuwa na kazi mikononi alikwenda nayo.

Lakini sitaki kuuza ndoto. Kufinyanga kambini ni kugumu, na anayesema ni rahisi hajafika kambini. Udongo mzuri uko bondeni, na bonde lina mwenyewe, ambaye siku hizi anadai kulipwa kwa kila karai. Chungu cha sanaa kinataka kukauka polepole kivulini, siku nyingi, wala si ndani ya hema la watu 8 ambamo mtoto anapindukia kila kitu. Mvua moja inarudisha kazi ya wiki 2 kuwa matope. Na kuni! Hili ndilo zito kuliko yote. Kila mtu wa Ituri anajua kinachowapata wanawake wanaokwenda kutafuta kuni mbali. Sitaki chungu hata kimoja ambacho mama amebakwa kwa ajili ya kukichoma. Afadhali kisichomwe.

Ndiyo maana nasema haya ni mambo ya kupangwa na wenye uwezo, si ya kumwachia mama peke yake. Kibanda kimoja chenye paa, bila kuta, chenye rafu za mianzi, kinatosha wafinyanzi wa kambi nzima. Mkataba mmoja wa maandishi na mwenye bonde, ukishuhudiwa na chifu wa mtaa, unamaliza ugomvi wa kila karai. Kuchoma kufanyike pamoja, siku moja kwa mwezi, kwa majani makavu, maganda ya mpunga, maganda ya kahawa na kuni zilizonunuliwa zikaletwa kwa pikipiki. Uchomaji wa wazi hauchukui siku nyingi, mama zetu wanajua kuumaliza kwa saa chache. Gharama ya haya yote ni ndogo kuliko semina moja ya hotelini yenye kahawa na mikate. Mmewahi kuhesabu mikate hiyo? Mimi nimewahi kuila, najua.

Kisha soko. Wananiuliza nani atanunua. Naanza na walio karibu. Hoteli za Bunia zina kumbi za kupokea wageni. Parokia zina altare zinazohitaji vyombo vya maua. Mashirika yana ofisi, na kila mgeni wao anayeondoka anapewa zawadi, mara nyingi kitambaa kilichochapwa nje ya nchi. Serikali ya jimbo inapokea wajumbe kila mwezi. Wakinunua hao tu, kipande kimojakimoja kwa bei ya haki, wafinyanzi wetu wachache watalipa karo ya watoto. London na New York zinaweza kusubiri. Vyungu vinavunjika barabarani, na barabara zetu mnazijua.

Bei ya haki ni ipi? Kazi ya siku 10 isiuzwe kwa bei ya siku 1. Mwashi anayejenga ukuta analipwa siku zake zote bila mtu kumwambia kwamba matofali ni udongo tu.

Na sasa namalizia kwa ninyi mama, shangazi, na papa wachache mnaofanya kazi hii. Chungu kikiwa kimeanza kukauka lakini bado kina ubaridi, kabla ya kusugua, kigeuzeni taratibu. Chukueni msumari au mwiba, chini ya kitako mwandike jina, kijiji mlichotoka na mwaka. Mama asiyejua kuandika amwite mtoto wake amwandikie, au achague alama moja, jani, nyayo ya kuku, mistari mitatu, asiibadilishe tena. Mwandike kijiji mlichotoka, wala si kambi. Kabla ya kumpa mchuuzi, mpige picha kwa simu ya jirani, juu na chini. Mchuuzi akikataa kununua kwa sababu ya jina, mngojeeni mwingine. Nanyi wanunuzi, mkiwa sokoni au hotelini, kigeuzeni chungu kabla ya kuuliza bei. Kama chini hapana kitu, muulizeni muuzaji nani alikifinyanga, na akisema hajui, kirudisheni mezani.